Tovuti ya msanii: Kijana wa Kilosa aanzie wapi?

BARABARA Kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na hatimaye Zambia hukatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa umbali wa takriban kilomita 50. Abiria wa mabasi huchungulia dirishani wakaona twiga, nyati na tembo bila kulipa kiingilio. Baada ya hifadhi unafuata mji mdogo wa Mikumi, ambako mabasi, malori na magari ya watalii husimama kwa ajili ya chakula, mafuta na malazi.

Kwa mchongaji wa vinyago, mchoraji au mama anayesuka vikapu vya ukindu, mji wa namna hiyo ni neema na ni balaa kwa wakati mmoja. Ni neema kwa kuwa mteja anapita mlangoni. Ni balaa kwa kuwa mteja huyo ana dakika kumi tu, hajui jina la aliyetengeneza kazi, na akishapanda gari hana njia ya kurudi kununua ya pili. Mchuuzi anayenunua kwa jumla na kupeleka Dar es Salaam, Arusha au Zanzibar ndiye anayelijua soko. Aliyechonga hubaki na bei ya shambani, sawa na mkulima wa mahindi anayeuziwa kwa lumbesa.

Tovuti haiwezi kumaliza tatizo hilo peke yake. Lakini inaweza kufanya jambo moja ambalo meza ya barabarani haiwezi: kumpa mteja aliyekwisha kuondoka njia ya kumpata msanii mwenyewe, kwa jina lake na kwa simu yake. Na hapo ndipo ilipo kazi kwa kijana wa Kilosa au Mikumi mwenye kompyuta na muda, hata kama hajawahi kutengeneza tovuti maishani mwake.

Kazi hiyo si ngeni sana wilayani humo. Katika miaka ya 2000 mji wa Kilosa ulikuwa na kituo cha mawasiliano ya vijijini kilichojulikana kwa jina la KIRSEC, ambako wananchi walifika kutumia kompyuta na intaneti. Enzi hizo intaneti ya Tanzania ilitegemea zaidi mitambo ya setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya kusuasua. Mambo yalianza kubadilika Julai 2009 pale mkonga wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam, ukifuatiwa na ule wa EASSy mwaka 2010. Leo simu ya mkononi inafanya kazi ambayo zamani ilihitaji chumba kizima chenye kompyuta na feni.

Kwa upande wa wateja nako kuna mabadiliko. Treni ya umeme ya SGR ilianza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, na Kilosa ni moja ya stesheni zake. Mgeni anayetaka kuifikia Mikumi sasa ana mlango wa pili mbali na barabara kuu, na mgeni wa siku hizi hutafuta mtandaoni kabla ya kukata tiketi. Asichokikuta huko, kwake hakipo.

Kabla ya kushika kompyuta, inafaa kuutazama mfano ulio wazi wa kile msanii anachoweza kupoteza. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za baiskeli juu ya mbao laini za dari mwishoni mwa miaka ya 1960 jijini Dar es Salaam, na picha zake ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki dunia mwaka 1972 kwa kupigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Ndugu na wanafunzi wake waliendelea na kazi, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Mtindo ule umeenea dunia nzima. Hata katuni za watoto zilizoanza kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 2010 zilichukua jina na sura yake.

Lakini mtalii akirudi kwao husema amenunua "Tingatinga". Nani aliyeichora picha ile hasa? Mara nyingi hajui wala hajauliza. Jina la mwanzilishi limekuwa kubwa kiasi cha kuwafunika mamia ya mafundi waliomfuata. Hasara hiyo haionekani siku ya kuuza. Huonekana pale mteja anapotaka picha nyingine ya mkono uleule, akakosa pa kuanzia, akanunua yoyote iliyo karibu.

Makubaliano kwanza

Wengi wanaoanza hukimbilia rangi na mapambo. Hilo ni kosa. Siku ya kwanza ya kazi hii haihitaji umeme. Kijana akae na msanii chini ya mwembe, wazungumze: anauza nini, kwa nani, anaweza kutengeneza vipande vingapi kwa mwezi, na kama wateja wakiongezeka ataweza kuwatosheleza wakati wa kilimo. Jibu la swali la mwisho ni muhimu kuliko linavyodhaniwa. Wasanii wengi wa vijiji vya Kilosa ni wakulima vilevile. Msukaji anayeshinda shambani kuanzia mvua za kwanza hadi palizi hana budi kusema hivyo kwenye tovuti yake, kwamba oda za miezi fulani huchelewa. Mteja anayeambiwa ukweli husubiri. Anayedanganywa harudi.

Kisha yaandikwe makubaliano, hata ukurasa mmoja wa daftari, yashuhudiwe na mtu wa tatu au kupelekwa kwa mtendaji wa kijiji. Yataje malipo ya kutengeneza, malipo ya kuitunza tovuti kila mwezi au kila msimu, na zaidi ya yote, mwenye mali ni nani. Jina la tovuti, ambalo wataalamu huliita kikoa, huandikishwa kwa jina la mtu na barua pepe yake. Kijana akiliandikisha kwa jina lake mwenyewe kwa sababu tu "mzee hana barua pepe", basi siku akihamia Dar es Salaam au wakigombana, msanii hana kitu. Amejenga nyumba kwenye kiwanja cha mwenzake.

Dawa yake ni rahisi. Msanii afunguliwe barua pepe yake, hata kama ataisoma kwa kusaidiwa na mwanawe. Jina liandikishwe kwake. Maneno ya siri yote yaandikwe kwenye karatasi, yafungwe kwenye bahasha na kuwekwa pale anapoweka hati ya shamba. Kijana abaki na ruhusa ya kufanya kazi, si umiliki. Huenda wapo watakaoona utaratibu huu unawanyima mafundi nguvu ya kudai malipo yao. Nguvu hiyo itokane na makubaliano yaliyoandikwa, si kwa kushikilia ufunguo wa duka la mtu.

Majina ya Tanzania huishia na .tz, na yale ya biashara kwa kawaida huishia na .co.tz. Usimamizi wake ulipewa mfumo wa hapa nchini kwa kuundwa kituo cha tzNIC mwaka 2006, na jina hununuliwa kupitia wakala waliosajiliwa, kwa ada inayolipwa tena kila mwaka. Jina liwe fupi na liandikike kwa kusikiwa mara moja kwenye simu. Jina la msanii mwenyewe ndilo bora. "Sanaa nzuri Mikumi" linaweza kuwa la mtu yeyote.

Picha ndiyo duka

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na hapa ndipo tovuti nyingi za wasanii huharibikia. Mnunuzi hawezi kushika kinyago, kukigeuza wala kusikia uzito wake. Ana picha tu. Simu ya kawaida yenye kamera safi inatosha, ili mradi mpigaji afuate mambo machache yasiyo na gharama.

Apige nje, kivulini, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi au jioni kabla jua halijazama. Jua la saa saba hukiunguza kipande upande mmoja na kukitia giza upande wa pili. Mwanga wa kamera yenyewe usitumike, kwani hung'arisha rangi za mafuta na kufanya mpingo uonekane kama plastiki. Nyuma na chini litandikwe shuka la rangi moja, jeupe au la kijivu. Kanga ni nzuri, lakini mnunuzi ataitazama kanga. Kila kipande kipigwe mbele, nyuma, ubavuni na karibu kabisa ili alama za patasi au msuko zionekane. Picha moja iwe na mkono wa mtu au futi kamba ya fundi, maana bila hivyo twiga wa sentimita 20 na twiga wa mita moja hufanana. Picha za kuchorwa zipigwe zikiwa zimesimama wima, kamera ikiwa sawa na katikati yake, la sivyo pembe zitapinda.

Likishakwisha hilo, kuna hesabu ambayo mwanzoni karibu kila mtu huisahau. Picha moja ya simu inaweza kuwa na uzito wa megabaiti 4. Ukurasa wenye picha 30 za namna hiyo una megabaiti 120, na mteja aliye kwenye basi, mtandao ukikatika kila kona, hatausubiri. Programu za bure zipo za kupunguza picha hadi kilobaiti 200 au chini ya hapo bila jicho kuona tofauti kwenye kioo cha simu. Picha 30 hizohizo sasa ni megabaiti 6. Picha kubwa za awali zisifutwe. Zihifadhiwe mahali pawili tofauti, na pamoja pawe nje ya nyumba.

Watu wa Kilosa hawahitaji kuelezwa sababu. Mafuriko ya mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu makazi na kukata reli ya kati. Msanii aliyepoteza kazi zake kwenye maji lakini akabaki na picha zenye tarehe bado ana kitu cha kumwonyesha mteja, na ana ushahidi wa nini kilikuwa chake.

Ushahidi huo una thamani kisheria pia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda aliyebuni kazi, na kumuuzia mtu picha ya ukutani si sawa na kumuuzia haki ya kuichapisha kwenye fulana na vikombe. Orodha yenye picha, jina la kazi, vipimo na tarehe humsaidia msanii anapokwenda COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, kuandikisha kazi zake au kulalamika.

Kuhusu utengenezaji wenyewe hakuna uchawi. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha CERN nchini Uswisi, ndiye aliyebuni mfumo wa tovuti, na mwaka 1993 kituo hicho kiliuachia dunia bila malipo. Ndiyo maana hadi leo mtu yeyote anaweza kufungua programu ya kawaida ya kuandikia kwenye kompyuta, akaandika kwa lugha iitwayo HTML na kuona ukurasa wake bila kununua chochote. HTML si zaidi ya vibandiko, mithili ya vile vinavyowekwa kwenye magunia ghalani: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hapa iwekwe picha, hapa bonyeza uende ukurasa mwingine. Ukurasa wa kwanza hupewa jina index.html na kufunguliwa kwenye kivinjari hata pasipo intaneti. Wiki moja au mbili za kuchezea hivyo jioni zinatosha kumwondolea mtu woga.

Akishaelewa, anaweza kuhamia kwenye programu kama WordPress, iliyoanza mwaka 2003, ambayo ni ya bure na humwezesha mtu kuongeza picha na maneno bila kuandika vibandiko kila mara. Programu ni bure, lakini nafasi ya kuiweka tovuti kwenye seva hulipiwa. Zipo pia huduma zinazotoa nafasi bila malipo. Huko jina la tovuti hubeba jina la kampuni inayotoa huduma, na matangazo ya watu wengine yanaweza kukaa kando ya vikapu vya mama. Kwa mazoezi zinafaa sana. Kwa biashara ya kudumu, jina lake mwenyewe ni bora.

Kurasa zisizidi nne au tano kwa kuanzia. Ya kwanza imwonyeshe msanii na kazi yake bora kuliko zote, moja, kubwa. Ya kazi zake ionyeshe kila kipande pamoja na jina, mali iliyotumika, urefu na upana kwa sentimita, mwaka na bei. Kilichouzwa kiandikwe kimeuzwa, kisiondolewe, kwa kuwa huonyesha kwamba watu hununua. Ukurasa wa maisha yake uwe na maneno ya kweli: alifunzwa na nani, anaishi kijiji gani, mti au ukindu anaupata wapi. Hii ndiyo sehemu ambayo wageni huisoma kwa makini, na ndiyo ambayo vijana huijaza maneno matupu kama "msanii mahiri wa kimataifa". Mkufunzi, mama au babu aliyemfundisha kusuka ana uzito kuliko sifa hizo. Kiswahili na Kiingereza vyote vitumike, Kiingereza chenyewe kikipitiwa na mwalimu anayekijua.

Muziki unaoanza wenyewe, maandishi yanayokimbia na taa zinazomemeta viachwe. Kisha ukurasa ujaribiwe kwenye simu ya bei nafuu, ukiwa umesimama stendi ya Mikumi, si kwenye kompyuta nzuri ya ofisini Morogoro. Maandishi yakisomeka hapo, yatasomeka popote.

Mpingo, manyoya na miiba

Kuna jambo ambalo msanii wa pembezoni mwa hifadhi analikabili kuliko wa mjini. Kuweka bidhaa mtandaoni ni kuitangaza mbele ya kila mtu, wakiwemo askari wa wanyamapori. Pembe, meno, ngozi, kucha na hata miiba ya nungunungu au manyoya ya ndege wa porini yaliyookotwa yanaweza kuhesabiwa kuwa nyara za Serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na kupatikana nazo bila kibali ni kosa lenye kifungo cha muda mrefu. Ushanga uliopambwa kwa mwiba mmoja wa nungunungu unaweza kuonekana mdogo mezani. Kwenye tovuti ni ushahidi wenye jina na namba ya simu. Asiye na uhakika aulize ofisi ya wanyamapori kabla ya kupiga picha, si baada.

Mpingo nao una taratibu zake. Magogo na mbao husafirishwa kwa hati za Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na tangu Januari 2017 mpingo umo kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vinavyohitaji ulinzi. Marekebisho yaliyoanza kutumika Novemba 2019 yalilegeza masharti kwa bidhaa zilizokamilika ambazo uzito wa mbao hizo hauzidi kilo 10 kwa mzigo mmoja. Kinyago cha kawaida humo kinaingia. Sanamu kubwa ya mti wa uzima inaweza isiingie. Tovuti inayosema wazi mti umetoka wapi, na kwamba risiti na hati zipo, humwondolea mnunuzi wa nje hofu ya mzigo wake kuzuiwa uwanja wa ndege.

Wafumaji wa ukindu, wasukaji wa mkonge unaolimwa upande wa Kimamba na akina mama wa Kimasai wanaotunga shanga hawana mzigo huo wa vibali vya misitu na nyara, ili mradi wasichanganye vitu vya porini. Kwa anayejifunza kutengeneza tovuti, hao ndio wateja wepesi wa kuanza nao. Bidhaa zao ni nyepesi kufunga na hazivunjiki zikitumwa kwa posta.

Kuhusu fedha, mteja wa hapa nchini hulipa kwa simu, na namba iandikwe pamoja na jina linalotokea wakati wa kutuma ili asiogope kutapeliwa. Namba zote ziandikwe kwa kuanzia +255. Mteja wa nje ni suala la kwenda kuuliza benki, na hapo kijana amsindikize msanii mwenyewe badala ya kupokelea fedha kwenye akaunti yake. Gharama za kutuma mzigo ziulizwe posta kwa kupima kipande halisi kwenye mizani, kisha ziandikwe kando ya bei. Kapu linaloweza kuuzwa kwa bei nzuri linaweza kumshinda mteja kwa nauli tu, na ni afadhali ajue mapema.

Tovuti ikishawekwa hewani haitajitangaza. Anuani yake iandikwe kwa rangi kwenye kibao cha duka, kwenye kadi ndogo inayofungwa kwa uzi kwenye kila kinyago, na ipelekwe kwa wenye hoteli na waongoza watalii wa Mikumi. Yule abiria mwenye dakika kumi akiondoka na kadi hiyo mfukoni, msanii bado anaye.

Picha mpya ziongezwe angalau kila baada ya miezi mitatu. Ada ya jina inapokaribia kwisha, wakala hutuma ukumbusho kwa barua pepe, ambayo ndiyo sababu nyingine ya barua pepe hiyo kuwa ya msanii. Kwa anayelima, ni vizuri jina liandikishwe mwezi ambao fedha ipo, baada ya mavuno, ili ada ya mwaka unaofuata isiangukie msimu wa kununua mbegu.